Usiitike Mwito wa Kwanza: Siku Sita Kutoka Taebaek Hadi Bahari ya Mashariki

Njia hii inaanzia Seoul, inapanda milima ya mkoa wa Gangwon mpaka Taebaek, kisha inateremka baharini huko Samcheok. Vijiji vyake vimejificha mabondeni, na kila kimoja kina mtu wake aliyekufa vibaya: kuna aliyeliwa na chui milia, kuna aliyeuawa angali kijana, kuna aliyezama. Ratiba, pamoja na tarehe zake zote, imefuata kalenda ya mwezi mwandamo ili siku ya sita iangukie Jeongwol Daeboreum, mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka. Ukitaka kuipata, chukua tarehe ya Seollal, yaani Mwaka Mpya wa Kikorea, uongeze siku 14. Mwaka 2026 inaangukia 3 Machi.

Siku ya 1. Tarehe 10 ya mwezi: Seoul hadi Taebaek

Tarehe 10 ina sababu yake. Wakorea wanaamini kuna nuksi inayoitwa Son, na Son huzunguka pande za dunia kwa zamu. Tarehe 1 na 2 iko mashariki, 3 na 4 kusini, 5 na 6 magharibi, 7 na 8 kaskazini. Tarehe 9 na 10 hupanda mbinguni, kisha tarehe 11 hurudi mashariki na mzunguko huanza upya. Siku zisizo na Son ni 9, 10, 19, 20, 29 na 30, na hadi leo familia nyingi huzigombania siku hizo kuhama nyumba, hata bei ya lori la kubeba vyombo hupanda. Taebaek iko mashariki. Ukiondoka tarehe 11 unakwenda kukutana na Son uso kwa uso, kwa hiyo tikiti ni ya tarehe 10.

Treni inaondoka stesheni ya Cheongnyangni na huchukua karibu saa nne. Inapita Jecheon, kisha Yeongwol, mji wa kukumbuka kwa sababu utatajwa tena siku ya tatu. Baada ya Gohan inaingia handaki la Jeongam, mita 4,505 za giza, na kutokea Chujeon, stesheni iliyo mita 855 juu ya usawa wa bahari. Hakuna stesheni nchini iliyo juu kuliko hiyo. Vaa koti kabla ya kushuka, maana baridi ya Taebaek si ya Seoul.

Jioni inatosha kwenda Hwangji, chemchemi ya mto Nakdong, katikati kabisa ya mji. Ni madimbwi matatu yanayofuatana. La juu lina mzingo wa mita 100, la kati 50, la chini 30, na maji yanayotoka ni kama tani 5,000 kwa siku. Wenyeji wanasema hapa palikuwa na nyumba ya tajiri Hwang. Mtawa alikuja kuomba sadaka akamkuta Hwang anazoa samadi zizini, na Hwang akamtupia koleo zima la samadi mkobani. Mkamwana wake, mtoto mgongoni, aliona aibu, akausafisha mkoba na kuweka mchele. Mtawa akamwambia: bahati ya nyumba hii imekwisha, nifuate, na usigeuke nyuma hata usikie nini. Walipofika upande wa Dogye ngurumo ikapasuka nyuma yao. Mwanamke akageuka, akawa jiwe pamoja na mtoto wake. Nyumba ilididimia: dimbwi la juu ni nyumba yenyewe, la kati ni kinu, la chini ni choo.

Hadithi hii ni ya kwanza kwa makusudi. Sauti inayotoka nyuma yako itarudi tena njiani, na kila mara ina mwenyewe.

Siku ya 2. Tarehe 11: makaburi ya walioliwa

Chui milia wa mwisho walioandikwa kuuawa kusini mwa Korea ni wa miaka ya 1920. Kabla ya hapo milima hii ilikuwa yao, na watu walioishi humo walikuwa hwajeonmin, wakulima waliofyeka na kuchoma msitu, wakalima miaka michache, kisha wakahamia mteremko mwingine. Nyumba zao zilisimama moja moja, bila jirani wa kusikia ukelele. Ndiyo maana hosikchong, kaburi la aliyeliwa na chui milia, ni kitu cha eneo la Taebaek na Samcheok zaidi ya kwingine.

Aliyeliwa hapumziki. Roho yake inakuwa changgwi, mtumwa wa mnyama aliyemla. Inamtangulia njiani, inamwepusha na mitego, na haiachiliwi mpaka impatie mtu wa kushika nafasi yake. Maandishi ya Kikorea ya karne ya 18 yanazigawa kazi za changgwi kwa namna ambayo ukiisoma usiku hutaki kutoka nje. Wa kwanza kuliwa hukaa kwapani mwa chui. Huingia jikoni mwa nyumba fulani, akalamba sikio la chungu, na mwenye nyumba akashikwa na njaa ya ghafla usiku wa manane, akamwamsha mkewe akapike. Wa pili hukaa shavuni na kuangalia mitego. Wa tatu hukaa kidevuni, na kazi yake ni kutaja majina ya watu anaowafahamu.

Hapo ndipo penye ubaya wake. Changgwi huwaendea walio wake: kaka, dada, shemeji, wakwe, hadi jamaa wa mbali wa ukweni. Huja mlangoni kwa sauti ya marehemu na kuita kwa huruma. Mtu akitoweka usiku katika kijiji cha huku, swali la kwanza lilikuwa: nani kamwita? Watu walianza kuhesabu ukoo. Nyumba iliyopoteza mtu kwa chui ilikwepwa kwenye posa, kwa sababu kuoa huko ni kumpa changgwi orodha mpya ya majina.

Kaburi lilijengwa kumfunga. Kwanza, wanaume wa kijiji walifuata nyayo na damu mpaka walipokuta mabaki, ambayo mara nyingi kwa masimulizi yalikuwa kichwa. Hawakuyarudisha nyumbani. Waliyachoma palepale, ili mzizi wa changgwi uteketee. Pili, walirundika mawe juu ya majivu. Tatu, juu ya mawe walifunika siru, chungu cha udongo cha kupikia kwa mvuke, chenye matundu kwenye kitako, kikiwa kimeinamishwa chini juu. Nne, katika tundu la siru walichomeka garak, kijiti cha chuma kinachozunguka kwenye gurudumu la kusokotea uzi.

Kila kitu kina maana yake. Siru ni chombo cha kupikia, kwa hiyo roho imefungiwa ndani ya joto lisiloisha. Garak ni radi iliyochomekwa juu yake. Tena garak huzunguka siku nzima isiende popote, na changgwi naye azunguke hivyohivyo, palepale. Yapo matundu pia. Wakorea wana pepo mwingine, Yagwanggwi, anayekuja usiku wa Mwaka Mpya kujaribu viatu vilivyoachwa nje. Viatu vikimtosha anaondoka navyo, na mwenye viatu hupata mwaka wa mkosi. Dawa yake ni kutundika chekeche ukutani, naye hukaa kuhesabu matundu, akapotea hesabu, akaanza tena, mpaka alfajiri. Siru nayo ina matundu.

Mpanda milima asiyejua huharibu mambo mahali pamoja: anadhani kila rundo la mawe ni la kuongezea jiwe. Rundo la seonangdang, la mungu mlinzi wa kijiji, liko kwenye kipito cha mlima au kando ya njia, chini ya mti mkongwe, mara nyingi na vitambaa vya rangi. Hilo ongeza jiwe, ndiyo desturi. Hosikchong iko pembeni ya mteremko, pale mabaki yalipookotwa, haina kitambaa, na hakuna ndugu anayekwenda kufyeka nyasi zake. Siru nyingi zimepasuka kwa baridi kali na garak zimeliwa na kutu, kwa hiyo huenda ukaona mawe tu na kigae kimoja chekundu. Usiongeze jiwe, usiondoe kigae, usipande juu yake kupiga picha.

Usiku, kanuni ni ileile wanayoonywa watoto wengi wa pwani yetu: ukiitwa nje gizani, usiitike mwito wa kwanza. Na changgwi hupenda vitu vichachu, kwa hiyo zamani matunda machachu ya maesil yaliachwa njiani. Roho ikisimama kuyala, chui anabaki bila kiongozi na anaingia mtegoni.

Siku ya 3. Tarehe 12: Taebaeksan

Panda mlima wa Taebaeksan kwa njia ya Yuilsa, ushuke kwa Danggol. Kutoka mlango wa Yuilsa hadi kilele cha Janggunbong, mita 1,567, ni kama kilomita 4, na kushuka hadi Danggol ni zaidi kidogo. Weka saa tano za mchana. Wakati huu wa mwaka theluji bado ipo. Meno ya chuma ya viatu yafunge tangu chini, kwa sababu barafu imejificha chini ya theluji laini na utaigundua ukiwa tayari umeanguka. Chupa ya maji iweke kichwa chini ndani ya mkoba: barafu huanza kuganda juu, kwa hiyo mdomo wa chupa hubaki wazi. Ulizia njia kabla ya kufika, maana kati ya Februari na Mei baadhi ya njia za hifadhi hufungwa kuzuia moto wa msitu.

Karibu na kilele ipo miti ya jumok, mikongwe, mingine upande mmoja umekufa na mwingine una majani. Wakorea husema jumok huishi miaka elfu na ikifa husimama miaka elfu. Kisha unafika Cheonjedan, madhabahu ya mawe isiyo na paa, kimo mita 2.4 na mzingo mita 27.5, ambako tambiko la mbingu hufanyika kila 3 Oktoba.

Lakini kijumba muhimu kwa safari hii kiko chini yake kidogo, karibu na hekalu la Mangyeongsa. Ni cha Danjong, mfalme mtoto wa ufalme wa Joseon. Alizaliwa 1441, akanyang'anywa kiti na baba yake mdogo mwaka 1455, akapelekwa uhamishoni Yeongwol, akauawa huko 1457. Hadithi inasema afisa mstaafu aitwaye Chu Ik-han alikuwa akimpelekea zabibu pori. Siku moja akakutana na mfalme njiani, amepanda farasi mweupe, anasema anakwenda Taebaeksan. Chu alipofika Yeongwol akakuta Danjong ameshakufa. Tangu hapo watu wa huku wanamheshimu Danjong kama mungu wa mlima huu.

Kijana aliyeuawa bila mtoto wa kumfanyia jesa, tambiko la kila mwaka la familia, kwa mizani ya Kikorea alipaswa kuwa mzimu mkali kuliko wote. Kijiji kikampa mlima. Ukisimama mbele ya kile kijumba, huku upepo unapiga theluji mlangoni, unaelewa kwamba heshima ile ina huruma ndani yake na woga pia, na watu hawakujaribu kuvitenganisha.

Danggol, bonde la kushukia, kwa muda mrefu limekuwa bonde la mudang, waganga wa pepo, wanaokuja kuomba nguvu za mlima. Mahali hapa pamekuwa hifadhi ya taifa tangu 2016, na moto hauruhusiwi, hata mshumaa mmoja. Ukimkuta mtu anasali kando ya maji, pita mbali, usipige picha, na usiguse chakula kilichowekwa juu ya jiwe.

Siku ya 4. Tarehe 13: Sin-ri

Treni ya kwenda Dogye inaingia handaki la Solan, kilomita 16.2, lililofunguliwa 2012. Mteremko ni mkali mno kwa reli iliyonyooka, kwa hiyo handaki linajizungusha ndani ya mlima kama konokono. Kabla yake treni zilikuwa zikishuka kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Mabasi ya kwenda kijiji cha Sin-ri ni machache, hivyo ukichukua teksi patana na dereva kabisa saa ya kukurudia.

Sin-ri kuna neowajip, nyumba za paa la vigae vya mbao, ambazo zimehifadhiwa kisheria tangu 1975. Kigae kinapasuliwa kwa shoka kufuata nyuzi za msonobari mwekundu. Hakikatwi kwa msumeno, kwa sababu nyuzi zikikatwa maji huingia na mbao huoza. Vigae hupangwa bila misumari, juu yake huwekwa mawe na magogo. Siku kavu ukiwa ndani unaona anga kupitia nyufa, na moshi unatoka. Mvua ikinyesha mbao hufura na nyufa hujifunga zenyewe.

Ingia ndani uangalie zizi. Lipo chini ya paa hilohilo, karibu na jiko, ng'ombe na watu mlango mmoja. Sababu ni baridi, na ni chui milia. Ukutani kuna kokeul, tundu la udongo la kuchomea vipande vya msonobari vyenye utomvu, taa ya nyumba. Karibu na jiko kuna hwati, mahali pa kufukia makaa yasizimike usiku. Mke aliyeacha makaa yazime alionekana ameleta mkosi nyumbani. Sasa rudi kwenye yule changgwi anayelamba sikio la chungu: katika nyumba ya namna hii kila kitu kiliwekwa ndani ili usiku pasiwe na haja ya kufungua mlango.

Siku ya 5. Tarehe 14: kushuka baharini

Kutoka Dogye barabara inaufuata mto Osipcheon mpaka Samcheok. Ni siku ya kupumzisha miguu.

Ufukweni anayeogopwa ni mulgwisin, mzimu wa aliyezama, na sheria yake ni ya changgwi: habanduki majini mpaka amvute mwingine. Mwili usipopatikana, familia huita waganga wafanye neokgeonjigi, kuvua roho. Bakuli la mchele hufungwa kwa kitambaa, hufungwa kwenye utepe mrefu wa nguo nyeupe, na hushushwa baharini huku jina la marehemu likiitwa. Likivutwa, hufunguliwa na mchele huchunguzwa. Unywele ukionekana ndani, roho imekubali kutoka. Huku jina linaitwa na walio hai, na anayetakiwa kuitika ni mfu. Pwani hii waganga wengi ni wa kurithi, ufundi unapita katika familia. Wa Seoul na kaskazini kwa kawaida huanza kwa kuugua sinbyeong, ugonjwa wa pepo, kisha hufanyiwa tambiko la kupokea.

Jioni utaona kamba ya majani ya mpunga mlangoni pa mahali pa tambiko. Iangalie kwa karibu. Kamba ya kazi husokotwa kuelekea kulia, lakini hii, geumjul, husokotwa kuelekea kushoto, na hapo katikati ya nyuzi huchomekwa vipande vya karatasi nyeupe. Msokoto wa kinyume ndio unaowachanganya pepo. Kamba ikiwepo, usivuke. Msimamizi wa tambiko anachaguliwa katika nyumba isiyo na msiba wala uzazi wa karibuni, naye huoga maji baridi na kujitenga, na mgeni akiingia ovyo anaichafua kazi yote.

Siku ya 6. Tarehe 15: Sinnam

Hatari ya leo inakuja kabla ya jua. Alfajiri ya Daeboreum watu huuza joto la kiangazi. Mtu anakuita kwa jina, na ukiitika tu anakujibu: "Nae deowi saga!", nunua joto langu. Umeshalinunua, na kiangazi chote joto lake litakuwa lako. Njia ya kujikinga ni kunyamaza, au kumwahi kwa maneno hayohayo. Watoto hucheka sana. Lakini ukiwa umetoka mlimani unaitambua sheria: anayeitwa akaitika, anabeba mzigo wa mwitaji. Kisha tafuna karanga na njugu nyingine kwa meno, zipasuke kwa kishindo, ili mwaka upite bila majipu, ule na ogokbap, wali wa nafaka tano.

Sinnam ni kijiji cha wavuvi kusini ya mji wa Samcheok, na juu ya mwamba kuna Haesindang, nyumba ya msichana aliyezama. Mchumba wake alimvusha kwa mashua hadi mwamba wa Aebawi achume mwani, akarudi ufukweni, dhoruba ikainuka, hakuweza kumfuata. Baada ya hapo samaki wakatoweka. Kijiji kilimtolea chakula, hakuna kitu. Siku moja mvuvi mwenye hasira akakojoa akielekea bahari, na siku hiyo nyavu zikajaa. Wakaelewa anachokosa marehemu. Tangu wakati huo wanachonga uume kwa mti wa mreteni wenye harufu, wanautundika kwa idadi ya witiri, na kumtolea leo na tena siku ya kwanza ya Farasi katika mwezi wa kumi. Siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu kati ya wanyama kumi na wawili wa kalenda, farasi ndiye anayejulikana kwa ukubwa.

Bustani iliyojengwa kuzunguka Haesindang imejaa sanamu, na watalii wengi huishia kwenye kucheka na kupiga picha. Hekalu lenyewe ni dogo na limetulia. Ndani ipo picha ya msichana, na mbele yake mbao zimetundikwa kwa kamba. Ukitazama kutoka mlangoni unauona mwamba wa Aebawi baharini, si mbali hata kidogo, umbali ambao siku ya shwari mtu angeweza kumwita mwenzake akasikika.

Kurudi: tarehe 15 na 16 Son iko magharibi, upande wa Seoul, na 17 na 18 iko kaskazini. Seoul kutoka Samcheok ni magharibi iliyoegemea kaskazini, kwa hiyo anayefuata kalenda kikamilifu hulala pwani mpaka tarehe 19.